Paka aliyesalimishwa: Safari ndefu ya kumtafutia makao mapya

METHALI husema paka wa nyumba haingwa. Hata hivyo, katika jiji la Nairobi na miji mingine humu nchini, paka wa nyumba huingwa kila uchao.

Wapo wanaotiwa ndani ya gunia usiku wa manane na kutupwa karibu na soko au jaa la taka, kwa imani kwamba paka hakosi kujitafutia. Wapo pia wachache wenye bahati ambao wenyewe huwabeba mchana peupe hadi katika kituo cha kuwatunza wanyama, wakatia sahihi fomu ya kuwasalimisha na kurejea nyumbani mikono mitupu.

Kati ya makundi hayo mawili, tofauti ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Paka aliyelelewa ndani ya nyumba tangu utotoni hajui kuvuka barabara, hajui kupigana na madume ya mtaani, na mara nyingi hajawahi kukamata hata panya mmoja. Kumtupa sokoni ni kumhukumu kifo cha polepole. Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360 ya Sheria za Kenya, inaharamisha kumsababishia mnyama mateso yasiyo ya lazima, ingawa ni nadra kwa mtu kufikishwa kortini kwa sababu ya paka.

Kituo kinachojulikana zaidi nchini ni kile cha Shirika la Kulinda na Kutunza Wanyama (KSPCA), ambacho kiko upande wa Karen na Lang'ata jijini Nairobi. Historia ya shirika hilo inaanzia mwaka wa 1910, enzi ambapo lilishughulika hasa na masaibu ya wanyama waliokuwa wakitumiwa kuvuta mizigo. Siku hizi mbwa na paka ndio wengi. Kando na shirika hilo, kuna watu binafsi waliogeuza nyumba zao kuwa hifadhi, baadhi yao wakiishi na paka kadhaa chini ya paa moja na kugharamia chakula kutoka mifukoni mwao.

Sababu za kusalimisha paka ni nyingi, na si zote za kulaumiwa. Mwenye nyumba za kukodisha huamua ghafla kwamba hataki wanyama katika jengo lake. Mtoto huzaliwa na kupatikana ana pumu. Mzee aliyeishi peke yake na paka wake huaga dunia, na jamaa waliokuja kwa mazishi hawajui la kufanya na kiumbe huyo anayelia mlangoni.

Kuna pia wageni wanaofanyia kazi mashirika ya kimataifa Nairobi, ambao kandarasi zao hukamilika wakatakiwa kurejea makwao. Wengi wao hugundua wakiwa wamechelewa kwamba kumsafirisha paka si sawa na kufunga sanduku. Nchi za Umoja wa Ulaya, kwa mfano, humtaka paka anayetoka Kenya atiwe chipu ndogo ya utambulisho chini ya ngozi, achanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa, atolewe damu ya kupimwa angalau siku 30 baada ya chanjo, kisha asubiri miezi 3 tangu siku alipotolewa damu. Anayeanza shughuli hiyo wiki mbili kabla ya ndege kuondoka amekwisha kushindwa.

Jambo la kwanza linalomsaidia paka anayesalimishwa ni ukweli wa mwenyewe. Watu wengi, kwa kuona haya au kwa kuogopa kwamba kituo kitamkataa mnyama, hudai walimwokota barabarani. Kwa kufanya hivyo humnyang'anya paka historia yake yote: umri wake, chanjo alizopata, chakula alichozoea, kama amefungwa kizazi, kama anaogopa wanaume au mbwa, na kama aliwahi kuishi na watoto.

Mhudumu asiyejua hayo hulazimika kukisia. Meno humsaidia kidogo, kwa kuwa paka hukamilisha meno yake ya ukubwani akiwa na umri wa miezi 6 hivi, lakini baada ya hapo makadirio huwa ya kubahatisha. Si ajabu paka wa miaka 4 kuandikwa kuwa ana miaka 9 kwa sababu tu ya meno machafu. Makosa kama hayo humpunguzia wateja.

Mwenye kusalimisha paka anaweza pia kuacha kitambaa au blanketi alilolalia mnyama huyo, bila kulifua. Kwa binadamu hilo ni tambara lenye harufu. Kwa paka, ambaye huutambua ulimwengu kwa pua, ndicho kitu pekee alichobaki nacho kutoka nyumbani.

Siku za hofu

Paka ni mnyama wa mahali. Mbwa akihamishwa pamoja na bwana wake huona hajapoteza mengi, lakini paka akiondolewa katika vyumba alivyovizoea hupotewa na dira yote. Ndiyo maana paka aliyekuwa akipanda mapajani kwa wageni anaweza, siku ya kwanza kituoni, kujikunyata pembeni, akakataa chakula na kumkwaruza kila anayemkaribia.

Hapa ndipo hatima ya wengi inapoamuliwa kimakosa. Mgeni anayekuja kuchagua paka humwona mkali, akapita. Mhudumu aliye na kazi nyingi humwandika kuwa hafugiki. Katika vituo vilivyofurika, hapa nchini na ng'ambo, mnyama asiyetakiwa na yeyote kwa muda mrefu anaweza kudungwa sindano ya kumlaza milele. Hakuna anayependa kulizungumzia jambo hilo, lakini ndilo linalowakodolea macho paka wazee na wale wenye hofu.

Tiba ya hofu hiyo inaweza kuwa rahisi kupindukia. Mwaka wa 2014, watafiti wa Chuo Kikuu cha Utrecht nchini Uholanzi walichapisha matokeo ya uchunguzi wao kuhusu paka 19 waliokuwa wameingizwa kituoni hivi karibuni. Baadhi walipewa maboksi ya kujifichia na wengine wakanyimwa. Waliopewa maboksi walitulia mapema zaidi, na tofauti ilionekana wazi katika siku za mwanzo. Boksi tupu la duka, lile ambalo watu hulitupa baada ya kununua sabuni au mafuta ya kupikia, laweza basi kumfaa paka kuliko maneno matamu.

Wasiwasi haudhuru tabia pekee. Paka wengi hubeba virusi vya hapesi vya paka ambavyo hujificha mwilini na kuchomoza wakati mnyama anapolemewa na mawazo. Macho huvimba na kutoa machozi, pua huziba, na kwa kuwa paka asiyenusa hali, huanza kukonda. Paka akikaa siku mbili au tatu bila kutia kitu kinywani, hasa akiwa mnene, mafuta huweza kujazana katika ini lake na kumuua. Kwa sababu hiyo, wahudumu wenye uzoefu hawasemi "atakula akihisi njaa".

Kabla ya paka kutafutiwa makao, daktari wa mifugo hupaswa kumkagua. Hupewa dawa ya minyoo na ya viroboto, na huchanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa pamoja na maradhi matatu ya virusi ambayo chanjo yake huwa katika sindano moja. Kali kuliko yote matatu ni panlukopenia, ambayo huharibu matumbo na kumaliza seli nyeupe za damu. Ikiingia katika kituo chenye watoto wa paka wasiochanjwa, hufyeka wengi kwa siku chache.

Kufunga kizazi ni sharti lisilopaswa kulegezwa. Paka jike anaweza kushika mimba akiwa na umri wa miezi 4 au 5 tu, hubeba mimba kwa siku 63 hadi 65, na huzaa watoto watatu hadi watano, kisha huweza kushika mimba nyingine kabla hajamaliza kunyonyesha. Kituo kinachotoa jike asiyefungwa kizazi kwa hakika kinajiandalia mzigo wa mwaka ujao. Dume aliyehasiwa naye hupunguza kuzurura, kupigana na kutia mkojo wenye harufu kali ukutani, mambo ambayo huwafanya wengi kumrudisha.

Mwishoni mwa mwaka wa 2024, suala la nani anawajibika kwa paka wa mjini lilizua gumzo pale Kaunti ya Nairobi ilipopendekeza wamiliki wa paka walipie leseni ya Sh200 kwa mwaka na kuonyesha ithibati ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Wengi waliicheka ada hiyo. Hata hivyo, hoja ya chanjo haikuwa mzaha, kwani Kenya ilijiwekea mwaka wa 2014 shabaha ya kuangamiza vifo vya binadamu vitokanavyo na kichaa cha mbwa kufikia mwaka wa 2030, na paka anayeng'atwa na mbwa mgonjwa huweza kumwambukiza mtu pia.

Nani amfae nani

Wageni wengi wanaofika kituoni huja wakitaka kitoto cha paka. Ni jambo la kueleweka, maana kitoto huchekesha. Lakini kitoto hupanda mapazia, huamka saa tisa za usiku na huhitaji mtu wa kukaa naye. Kwa mtu anayetoka nyumbani alfajiri na kurudi jioni akiwa amechoka, paka wa miaka 7 aliyezoea nyumba humfaa zaidi. Akitunzwa vyema ndani, paka huweza kuishi miaka 15 na kuendelea. Hivyo wa miaka 7 bado hajafika nusu ya safari.

Paka mweusi naye hukumbana na kikwazo kingine. Katika sehemu nyingi za nchi, Pwani ikiwemo, wapo wanaomhusisha na uchawi na majini, na hata mtu asiyeamini hayo huhofia maneno ya majirani. Ajabu ni kwamba Pwani hiyo hiyo ndiko paka anakoheshimiwa sana. Katika vichochoro vya Lamu paka hulala vibarazani bila kubughudhiwa, na Waislamu humkumbuka sahaba wa Mtume aliyejulikana kwa jina Abu Huraira, yaani baba wa kipaka, kwa mapenzi yake kwa mnyama huyo. Rangi ya manyoya haina uhusiano wowote na wema wala ubaya wa paka.

Anayetaka kumtafutia paka makao hana budi kumweleza jinsi alivyo. Tangazo linalosema "paka mzuri, mpole, anahitaji nyumba" halimsaidii mtu. Lile linalosema kwamba ni jike wa miaka 6, amefungwa kizazi, hapendi kubebwa lakini hulala karibu na miguu ya mtu, hawezi kuishi na mbwa, na hula vizuri omena waliochemshwa, litapata majibu machache, ila majibu hayo yatakuwa ya watu wanaomtaka paka huyo na si mwingine. Anayefichwa kasoro huwa ameuziwa mbuzi kwenye gunia, na mbuzi wa namna hiyo hurudishwa.

Paka mwenye virusi vya kudhoofisha kinga, kwa mfano, anaweza kuishi miaka mingi akiwa na afya njema iwapo atafungiwa ndani na kukaa peke yake au na paka wasiopigana. Virusi hivyo haviambukizi binadamu. Lakini ni lazima mlezi mpya aambiwe mapema.

Upande wa pili, kituo nacho huwa na maswali yake. Je, nyumba ni ya mtu mwenyewe au ya kukodi, na kama ni ya kukodi, mwenye nyumba ameridhia? Madirisha ya ghorofa ya nne yana wavu? Nani atamlisha familia ikienda mashambani mwezi wa Desemba? Swali hilo la mwisho huwashtua wengi, kwa kuwa hawakuwa wamelifikiria. Vituo makini hutuma mtu kuitazama nyumba kabla ya kumtoa mnyama, na hilo lisichukuliwe kuwa ni dharau.

Anayetaka paka wa kumaliza panya tu asikataliwe papo hapo. Yapo maghala, mabanda ya kuku na mashamba ambako paka mkali asiyependa kushikwa angestarehe kuliko sebuleni. Kinachotakiwa ni ahadi ya chakula cha kila siku, maji na pahali pakavu pa kulala. Dhana kwamba paka akilishwa hatawinda ni potovu. Paka huwinda hata akiwa ameshiba, na aliyeshiba huwa na nguvu zaidi za kuvizia.

Chumba kimoja kwanza

Kosa linalorudiwa mara nyingi ni kumfungulia paka nyumba nzima siku ya kwanza, huku watoto, majirani na binamu wakiwa wamejipanga kumlaki. Mnyama huyo hukimbilia nyuma ya jokofu au juu ya kabati na kukaa huko hadi kesho yake.

Njia bora ni kumtengea chumba kimoja kidogo, hata kama ni stoo, na kumwekea humo beseni la mchanga wa haja, maji, chakula mbali na beseni hilo, na lile boksi la kujifichia. Aachwe atoke kwa hiari yake. Mlezi anaweza kuketi sakafuni akisoma gazeti bila kumshughulikia. Akimtazama, asimkodolee macho, bali afumbe na kufumbua polepole. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex nchini Uingereza walionyesha mwaka wa 2020 kwamba paka hujibu ishara hiyo kwa kufumba macho vivyo hivyo, na kwamba humkaribia kwa urahisi zaidi mgeni anayeifanya.

Baadhi ya paka huchukua siku tatu kutoka mafichoni, wengine majuma matatu, na wapo wanaohitaji miezi kadhaa kabla ya kujiona wenyeji. Wengi wanaorudishwa kituoni hurudishwa ndani ya wiki mbili za kwanza, wakati ambapo hata hawajaanza kuonyesha tabia yao halisi. Huo ni msiba wa haraka.

Ikiwa nyumba ina paka mwingine, wawili hao wasikutanishwe uso kwa uso. Wabadilishane kwanza vitambaa vya kulalia ili kila mmoja aizoee harufu ya mwenzake, kisha walishwe kila mmoja upande wake wa mlango uliofungwa, na baada ya siku kadhaa mlango ufunguliwe kidogo. Mabeseni ya mchanga yawe moja zaidi ya idadi ya paka. Anayeona gharama hiyo ni kubwa afikirie bei ya kusafisha zulia.

Wanawake wajawazito mara nyingi huambiwa wamwondoe paka kwa sababu ya vimelea vya toksoplasma, na paka wengi wasio na hatia husalimishwa kutokana na ushauri huo. Ni kweli kwamba vimelea hivyo ni hatari kwa mtoto aliye tumboni. Lakini paka huvitoa katika kinyesi kwa wiki chache tu baada ya kuambukizwa, na kinyesi hicho huhitaji angalau siku moja kabla ya kuweza kumwambukiza mtu. Mchanga ukisafishwa kila siku na mtu mwingine, hatari hupungua sana. Nyama isiyoiva na mboga zisizooshwa huwaambukiza watu wengi bila paka kuwepo.

Kuhusu chakula, desturi ya ugali na maziwa haifai. Paka wengi waliokomaa hawawezi kuyeyusha sukari iliyo katika maziwa, hivyo huharisha. Isitoshe, mwili wa paka hautengenezi taurini ya kutosha, kirutubisho kipatikanacho katika nyama na samaki. Akiikosa kwa muda mrefu huharibika macho na moyo wake hulegea. Omena waliochemshwa bila chumvi, maini kiasi, moyo wa ng'ombe au vichwa vya kuku vilivyopikwa na kuondolewa mifupa huwa msaada mkubwa kwa asiyemudu chakula cha dukani.

Dawa za binadamu zikae mbali. Tembe moja ya paracetamol yaweza kumuua paka. Vivyo hivyo dawa za kuogeshea ng'ombe au za viroboto vya mbwa, hasa zenye permethrin, ambazo baadhi ya watu humpaka paka wakidhani wanamsaidia. Na dume anayekwenda mara kwa mara kwenye mchanga, akijikamua bila kutoa mkojo, apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo. Njia ya mkojo ikiziba, siku mbili au tatu humtosha kufa.

Linabaki suala la mlango. Paka aliyehamishiwa mtaa usio mbali na wa zamani huweza kuondoka kurudi alikotoka, na wengi hugongwa na magari njiani. Hapaswi kuachiliwa nje kabla ya wiki tatu au nne kupita. Siku hiyo ikiwadia, afunguliwe muda mfupi kabla ya wakati wake wa kula, akiwa na njaa, wakati wa mchana na nyumba ikiwa tulivu. Mlango uachwe wazi nyuma yake, na mlezi asimame hapo hapo na sahani mkononi, akiigonga kwa kijiko kama alivyozoea kufanya kila jioni.